Alama za Mlangoni

Maneno ya hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa watumishi wa Wilaya za Ngara na Biharamulo, nayo yachapishwa hapa kwa ombi la wanachama wasioweza kuhudhuria.



 Najua ya kuwa wengi wenu mmetoka mbali, wengine Rulenge na Kabanga, wengine Nyakanazi na Lusahunga, tena najua ya kuwa siku za mapumziko za mtumishi ni chache. Kwa hiyo sitawapotezea wakati kwa maneno ya kupamba, bali nitakwenda moja kwa moja katika jambo nililoombwa kulieleza.

Jambo lenyewe lilianza kwa swali. Katika mkutano wetu uliopita kijana mmoja, karani wa masijala, alisimama akauliza hivi: "Wazee wangu, nina shahada yangu ya kwanza, nami nataka kusoma zaidi katika vyuo vikuu vile vyenye sifa kubwa ulimwenguni. Je, alama ngapi zatosha?" Watu wengine walicheka, wengine wakasema, "Kijana, kwanza jenga nyumba." Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo nami naliwahi kujiuliza, na kwa kutokujua jibu lake naliingia hasara, kama nitakavyowasimulia. Basi leo nimekuja kumjibu kijana yule, na kwa njia yake kuwajibu wote.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: alama ni sharti la mlangoni. Asiyekuwa nazo haingii. Lakini aliye nazo hajaingia bado. Tena mlango wenyewe si mmoja, ni mitatu, na kila mmoja una kipimo chake. Walio wengi miongoni mwetu hushindwa kwa kutokujua ni mlango upi waliosimama mbele yake, si kwa uhaba wa akili.

Wanachama wenzangu, mambo ya mtihani si mageni kwetu watumishi. Bwana Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi wa Kiafrika mjini Tanga mwaka 1922, elimu ilikuwa ndiyo njia kubwa ya mtu mweusi kuingia afisini. Katika mwaka huo huo wa 1922 Makerere ilianzishwa huko Uganda, nayo baadaye ikawa na mtihani wake wa kuingilia, na vijana wachache sana wa Tanganyika walifika huko. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Makerere tangu 1943 hata 1945, akapata hati ya ualimu, maana siku zile Makerere haikutoa digrii. Aliyetaka digrii hakuwa na budi kuvuka bahari, naye alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi 1952 na shahada yake ya M.A. Hapa kwetu chuo kikuu kilianza Dar es Salaam mwaka 1961 na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Leo vyuo ni vingi, na wenye shahada ya kwanza wamejaa hata katika wilaya zetu hizi. Basi ungo wa kuchuja watu umesogea juu. Zamani ulikuwa mwisho wa shule. Leo uko baada ya shahada ya kwanza.

Sasa niieleze milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni alama za shahada uliyo nayo. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine vya nchi yetu, wastani wa alama huhesabiwa kwa kipimo cha 5. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, kuanzia 3.5 hata 4.3 ni daraja la pili la juu, kuanzia 2.7 hata 3.4 ni daraja la pili la chini. Kwa kusoma shahada ya uzamili hapa nyumbani, daraja la pili ndilo sharti la kawaida, yaani 2.7 na kupanda. Lakini vyuo kama Oxford na Cambridge hutaka zaidi: katika masomo yao mengi huomba daraja la kwanza, au daraja la pili la juu lililo imara. Nao mfuko wa Chevening, unaotolewa na Serikali ya Uingereza kwa masomo ya mwaka mmoja, hutaka shahada inayolingana na daraja la pili la juu, pamoja na saa 2,800 za kazi, ambazo ni kama miaka miwili. Hapo sisi watumishi tuna faida, kwa kuwa kazi tunayo.

Katika mlango huu kuna mtego, nami nawaomba mwuandike katika vitabu vyenu. Vyuo vya Marekani hutumia kipimo cha 4, si cha 5. Mtu mwenye 3.8 yetu ni wa daraja la pili la juu, na hiyo ni heshima. Lakini akiandika 3.8 katika fomu bila kueleza ya kuwa ni katika 5, msomaji wa Marekani atadhani ni katika 4, naye atamhesabu kuwa karibu na kilele. Kisha karatasi rasmi ya matokeo itafika, na mtu yule mwaminifu ataonekana mwongo. Basi andikeni daima, "3.8 katika 5", wala msijigeuzie hesabu wenyewe, ila fomu yenyewe ikiwaagiza.

Mlango wa pili ni Kiingereza. Sisi tulianza kusoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha Kiingereza kikaja katika sekondari, na nyumbani twasema Kihangaza, Kisubi, Kizinza, Kihaya au Kisukuma. Kwa hiyo vyuo vya ng'ambo hutaka ushahidi. Mtihani ujulikanao sana kwetu ni IELTS. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema. Kila sehemu hupewa alama mpaka 9, kisha hufanywa wastani. Chuo cha Oxford, kwa kanuni zilizotumika mwaka 2024, kiliweka ngazi mbili: masomo ya ngazi ya kawaida yalitaka wastani wa 7.0, wala sehemu yo yote isipungue 6.5, na masomo ya ngazi ya juu yalitaka wastani wa 7.5, wala sehemu yo yote isipungue 7.0. Tazameni vizuri maneno yale "sehemu yo yote", kwa kuwa ndiyo yaliyoniangusha mimi. Tena jueni ya kuwa matokeo ya IELTS hudumu miaka miwili tu.

Mlango wa tatu ni mtihani wa kufikiri, na hapa lijulikanalo zaidi ni jina la GRE. Mtihani huu una historia ndefu: ulianza kujaribiwa mwaka 1936 na vyuo vinne vya Marekani, yaani Harvard, Yale, Princeton na Columbia, pamoja na taasisi ya Carnegie, ili vyuo vile vipate kipimo kimoja cha kuwalinganisha waombaji waliotoka shule mbalimbali. Leo unayo sehemu ya maneno na sehemu ya hesabu, kila moja ikiwa na alama kati ya 130 na 170, na sehemu ya kuandika yenye alama mpaka 6. Matokeo yake hudumu miaka mitano. Wanaotaka kusoma biashara huulizwa GMAT au GRE. Lakini si kila mtu huulizwa. Hakimu anayetaka shahada ya uzamili ya sheria huko Harvard haulizwi GRE. Vyuo vya Uingereza kwa masomo mengi haviulizi kabisa. Tena tangu ugonjwa wa korona ulipozuka mwaka 2020, idara nyingi za vyuo vya Marekani zimeuacha mtihani huo au zimeufanya wa hiari, ingawa nyingine, kama idara ya uchumi ya chuo cha M.I.T., zimeendelea kuutaka. Kwa hiyo mtu asilipe ada, ambayo hupita dola 200 za Kimarekani, kabla ya kusoma masharti ya idara yake yeye mwenyewe, ya mwaka ule ule anaoombea.

Bwana Mwenyekiti, sasa naomba ruhusa niseme yaliyonipata mimi, si kwa kujisifu, maana hamna sifa ndani yake.

Mwaka 2016 naliomba nafasi katika chuo kimoja cha Uingereza, nikakubaliwa kwa sharti: nilete IELTS ya 7.0, na kila sehemu isipungue 6.5. Nalifurahi sana. Miezi saba naliweka akiba, nikapanda basi hapa Ngara, tukapita Nyakanazi, Kahama, Singida na Dodoma, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, nikafika Dar es Salaam miguu imevimba. Nalikaa kwa ndugu yangu siku mbili, nikafanya mtihani. Matokeo yalipokuja naliona wastani wa 7.0, nikapiga kelele ya furaha hata mke wangu akatoka jikoni mbio. Ndipo nikatazama chini yake: kusikiliza 7.5, kusoma 7.5, kusema 7.0, kuandika 6.0. Hesabuni wenyewe: jumla ni 28, gawanya kwa nne, ni 7.0 kamili. Wastani ulitimia. Lakini kuandika kulipungua nusu alama, na kwa nusu alama hiyo nafasi yangu ikapotea, kwa kuwa wakati wa kurudia mtihani na kuleta matokeo mapya haukutosha.

Fikirini, ndugu zangu, jinsi nilivyotahayari. Mimi niliyekuwa naandika barua za idara nzima! Mimi niliyeletewa barua za wakubwa kuzisahihisha! Katika sehemu nne, ile niliyojivunia ndiyo iliyonivunja. Naliona uchungu, nikamlaumu msahihishaji, nikasema wametuonea Waafrika. Lakini hasira ilipotulia nalikaa nikajiuliza niliandika nini siku ile. Nikakumbuka. Swali lilitaka nitoe rai yangu kwa muda wa dakika 40, kwa maneno yasiyopungua 250, na lilikuwa na sehemu mbili. Mimi naliandika kama karani: naliweka maneno mengi ya heshima, nikaeleza upande huu, nikaeleza upande ule, nikamaliza kwa kusema jambo hili lafaa kutazamwa na wahusika. Rai yangu sikuitoa. Sehemu ya pili ya swali sikuijibu. Barua ya Serikali hufundisha mtu kujificha nyuma ya cheo, mtihani ule wataka mtu ajitokeze aseme, "Mimi naona hivi, na sababu zangu ni hizi." Ndiyo maana nasema makarani tusijidanganye. Kuandika kila siku si kujua kuandika kila namna.

Mwaka uliofuata nalirudia, nikapata 7.0 katika kuandika, baada ya kujizoeza kila Jumamosi kwa saa ya mezani. Lakini nafasi ilikuwa imekwisha kwenda. Nalisoma shahada ya uzamili hapa nchini, wala sijuti, maana nalifundishwa vizuri. Hata hivyo sitasema ya kuwa sikupoteza kitu. Nalipoteza mwaka, nalipoteza fedha za watoto wangu, na nalipoteza nafasi ambayo haikurudi tena. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Mimi daftari la masharti sikuwa nalo.

Sasa lipo swali lingine ambalo twajiuliza pembeni, nalo ni hili: je, mitihani hii ni haki? Nataka nilijibu bila kuogopa.

Kwa upande mmoja si haki. Kijana wa London huenda kwenye mtihani kwa miguu, akarudi nyumbani kula. Kijana wa Biharamulo husafiri usiku na mchana, akaingia chumbani na usingizi machoni. Ada ni ile ile, walakini mishahara si ile ile. Tangu 2020 GRE yaweza kufanywa nyumbani kwa kompyuta, lakini yataka intaneti isiyokatika, na umeme usiozimika, na chumba ambacho hapana mtu atakayefungua mlango. Ninyi mwajua nyumba zetu. Tena alama zenyewe hazisemi kila kitu. Wenye mtihani wa GRE wenyewe huwaonya wenye vyuo wasimkatae mtu kwa sababu ya kutofikia alama fulani peke yake, bali watazame na mambo mengine: barua za walimu wake, maelezo yake, kazi aliyoifanya. Hata namba yenyewe hudanganya asiyeijua: mwenye 160 katika maneno amewapita watahiniwa wengi kuliko mwenye 160 katika hesabu, ijapokuwa namba ni moja.

Kwa upande wa pili, nawaomba mtazame jambo hili kwa makini. Tulipofanya mitihani ya kidato cha nne na cha sita tuliandika namba, hatukuandika majina. Msahihishaji hakujua kama huyu ni mwana wa mkubwa au mwana wa mchunga ng'ombe wa Murgwanza. Wengi tulioketi hapa tusingekuwa watumishi wa Serikali kama si namba ile. Mtu asiye na mjomba afisini, asiye na jina kubwa, asiyejulikana na mtu ye yote huko ng'ambo, shahidi wake ni nani? Ni alama. Barua za sifa mtu mwenye jamaa wengi atazipata kwa wingi, lakini 7.0 ya mtoto wa Rulenge ni 7.0 ile ile ya mtoto wa waziri. Kwa hiyo siwaambii muichukie mitihani. Mizani yenyewe twaihitaji; ninachodai mimi ni kwamba njia ya kwenda penye mizani ifupishwe, na hilo chama chaweza kulisaidia, kama nitakavyosema.

Kabla ya hapo neno moja la onyo. Wapo watu mijini, na siku hizi hata katika simu, wanaosema kwamba wanauza alama: lipa fedha, nasi tutakuletea hati ya IELTS bila kufanya mtihani. Ndugu zangu, huo ni wizi, na mnunuzi ndiye aibiwaye kwanza. Chuo hakiamini karatasi ya mkononi, hukagua matokeo kwa wenye mtihani wenyewe. Tena sisi watumishi tumekwisha kuona ukaguzi. Mwezi wa Aprili 2017, huko Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti, nayo ilionyesha watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Miongoni mwao walikuwamo watu waliofanya kazi miaka mingi. Siku moja ya hila yaweza kuharibu miaka ishirini ya utumishi.

Na kwa kuwa nimemtaja marehemu Magufuli, yafaa watu wa Biharamulo wakumbuke safari yake ya masomo, maana yeye alizaliwa Chato, ambayo wakati huo ilikuwa katika wilaya yenu. Alisoma katika Seminari ya Katoke, hapa hapa Biharamulo. Akapata stashahada ya ualimu, akafundisha sekondari Sengerema. Mwaka 1988 akapata shahada ya kwanza Dar es Salaam, mwaka 1994 ya uzamili, na mwaka 2009, akiwa tayari Waziri, akapata ya uzamivu ya kemia. Kutoka shahada ya kwanza hata ya mwisho ni miaka 21. Siyataji haya kwa ajili ya siasa. Nataka kijana wetu wa masijala ajue ya kuwa mtumishi aweza kupanda ngazi hiyo polepole, kazini, tena katika vyuo vya nchi yake. Kuna Dar es Salaam, kuna Sokoine, Mzumbe na Muhimbili. Kuna Chuo cha Nelson Mandela huko Arusha kwa sayansi na ufundi. Na kwa asiyeweza kuacha kazi kuna Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992. Hao hawakuulizi GRE. Kwenda ng'ambo si lazima. Lakini anayetaka kwenda asizuiwe na ujinga wa masharti.

Bwana Mwenyekiti, wako watakaoniuliza: chama kitapata faida gani kwa kuwasaidia vijana kuondoka? Nami nawajibu kwa kuwaonyesha wilaya zetu. Kabanga kuna nikeli nyingi ardhini, ambayo Serikali ilitia saini mkataba wake mwezi wa Januari 2021. Rusumo kuna mtambo wa umeme wa megawati 80, wa nchi tatu: Tanzania, Rwanda na Burundi. Migomba yetu ya Kagera imeshikwa na mnyauko, na mkulima hana wa kumwuliza. Mwaka 1994 wakimbizi wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi. Mashirika ya ng'ambo yakaja na wataalamu wao, na kaka zetu wenye vyeti wakawa wakalimani na waandishi wa majina. Walifanya kazi njema, lakini waliamriwa. Je, nikeli ikichimbwa, na umeme ukigawanywa, sisi tutakuwa tena waandishi wa majina? Hili ndilo swali lililo nyuma ya swali la yule kijana. Na kwa khofu kwamba watakwenda wasirudi, jueni ya kuwa Chevening yenyewe humtaka mtu arudi kwao kwa miaka miwili asipungue. Na sisi nasi twaweza kumdai ahadi.

Basi naleta mashauri matatu, nayo naomba yapigiwe kura kabla ya kufunga mkutano.

La kwanza: Katibu aweke daftari moja la masharti. Kila ukurasa uwe na jina la chuo na idara, daraja la shahada linalotakiwa, wastani wa Kiingereza na alama ndogo kabisa ya kila sehemu, kama GRE au GMAT inatakiwa au la, kama chuo chakubali barua ya kuthibitisha kwamba mtu alifundishwa kwa Kiingereza, tarehe ya mwisho ya maombi, na siku ambayo khabari hizi zilikaguliwa. Neno hili la mwisho msilidharau, kwa kuwa masharti hubadilika kila mwaka, na daftari la mwaka juzi laweza kumpoteza mtu kuliko kutokuwa na daftari.

La pili: kila Jumamosi ya pili ya mwezi, Ngara kwa zamu na Biharamulo kwa zamu, tukutane tuandike kwa dakika 40 kwa saa, kisha tubadilishane karatasi zisizo na majina, tusahihishane. Msahihishaji aulize mambo matatu tu: je, mwandishi amejibu sehemu zote za swali? Je, rai yake ameisema? Je, kila fungu lina sababu moja iliyo wazi? Mimi niko tayari kusimamia miezi sita ya kwanza bila malipo.

La tatu: tuwe na mfuko mdogo wa mkopo kwa ada ya mtihani na nauli ya Dar es Salaam. Kila mwanachama atoe kidogo kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Mkopaji kwanza aonyeshe ya kuwa ameliona daftari, na kwamba barua yake ya kuomba ruhusa ya masomo imepitia kwa mkuu wa idara yake kwenda kwa Mkurugenzi. Kisha arudishe mkopo kidogo kidogo, akishinda au asishinde. Akishindwa asichekwe. Nusu alama iliyonikosesha mimi nafasi haikunifanya mpumbavu, na alama saba kamili hazikunifanya mwenye hekima.

Namalizia kwa kumrudia kijana wetu wa masijala, ambaye namwona ameketi pale nyuma na kalamu yake. Bwana mdogo, umeuliza alama ngapi zatosha. Kwa Kiingereza, lenga 7.5, wala usiache sehemu yo yote chini ya 7.0, upate kuwa salama hata mahali penye masharti makali. Kwa shahada, alama ulizo nazo ndizo ulizo nazo. Ziandike kwa kweli katika kipimo chake, na ukiwa chini ya 3.5 anza na uzamili wa nyumbani, ufanye vizuri, ndipo uombe tena. Kwa GRE, uliza kwanza kama inatakiwa. Halafu kaa ufikiri neno ambalo hapana mtihani utakaokuuliza kwa namba, lakini kila chuo kitakuuliza kwa barua: wataka kusoma nini, na kwa ajili ya nani? Ukilijibu hilo vizuri, sisi wazee wako tutakutafutia nauli.

 Mashauri yangu nayaweka mezani pa Bwana Mwenyekiti.